Miguu Ndani ya Beseni

"Ishushe hiyo picha ukutani. Sasa hivi!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mchoraji alikuwa anacheka na wageni wa maonyesho yake, kicheko kikamkauka mdomoni. Mlangoni alisimama fundi wa kuchomelea vyuma, Mchina wake, mpenzi wake, kofia ngumu ya kazini bado iko kichwani. Hakuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Fundi, mpenzi wangu, kuna nini?"

"Mama ameiona! Mtu kaipiga picha, kairusha mtandaoni, imefika mpaka kijijini kwetu."

Jamani! Mchoraji alielewa mara moja. Bwenini kwa kina Fundi kulikuwa na shati moja jeupe, wanaume wote wanalivaa kwa zamu kuwapigia wazazi wao simu ya video, mbele ya ukuta ule ule uliopakwa rangi vizuri. Huko kwao mama alijua mwanawe ni mtu wa ofisini.

Na Mchoraji alichora nini? Alichora maisha yao yalivyo: wananyoana nywele, wanaanika soksi kwenye nondo, wanagombea chaja. Lakini iliyowashika watu ilikuwa ile kubwa: Fundi amesinzia ukingoni mwa kitanda, uso umejaa masizi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Picha tamu hiyo! Hata wasiojua sanaa walisimama hapo wasibanduke.

"Nilikuchora kwa mapenzi, Fundi."

"Ulinichora nimechoka! Umenivua nguo mbele ya mama yangu."

"Kwani kuchoka ni aibu?"

"Kwangu si aibu. Kwa mama ni kidonda. Mimi na wewe basi."

Akaondoka zake. Mchoraji alipanda kiti, akaishusha picha kwa mikono yake, machozi yanamchuruzika mbele za watu. Mama mmoja aliyekuwa anaitaka kwa bei nzuri akafyonza. Afyonze tu.

Alimwandikia Fundi: "Nimeishusha. Siiuzi. Nisamehe, moyo wangu."

Ujumbe ukasomwa. Kimya.

Akaandika tena: "Nitukane basi, lakini usininyamazie."

Siku zikapita bila jibu, brashi zikamkaukia rangi.

Jumapili mchana mlango uligongwa. Alikuwa Fundi, na mkononi simu, na kwenye simu uso wa mama mzee.

"Anataka kukuona," alisema bila kumtazama.

"Shikamoo mama!" Mchoraji aliropoka kwa woga.

"Hakuelewi hata kidogo, wewe. Anaulizia picha."

Mchoraji akaitoa nyuma ya kabati, akaishika mbele ya simu. Mama akasogea, akasogea, mpaka likabaki jicho tu kwenye kioo. Kisha akaongea kwa muda mrefu. Fundi akafuta macho kwa kiganja.

"Anasema nini? Ananilaani?"

"Anasema tangu niondoke analala akijiuliza nani ananiona nikichoka. Anasema leo atalala."

Mama akauliza kitu kifupi. Fundi akajibu papo hapo. Mama akapiga kigelegele cha kwao, kama kicheko, kama kilio.

"We Fundi! Mbona hunitafsirii? Kauliza nini?"

"Kauliza hayo maji ya moto alinichemshia nani."

"Ukamwambia?"

Fundi akamshika mkono.

"Nimemwambia ni mkwe wake."