Banda Lisilo na Mlango

Kila alasiri, kengele ya kazi ilipogongwa, wanafunzi wa darasa la sita walishika majembe na kwenda kujenga banda la kuku. Siku hizo za ujamaa hakukuwa na kijiji Biharamulo kilichokosa kamati, na Speciosa, mwanafunzi mwenzao na mwenyekiti wa mradi, alizipenda kamati kuliko wali wa Krismasi. Aliunda ya fito, ya nyasi, ya udongo na ya mapokezi. Hiyo ya mwisho aliiongoza mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kuimba na kusuka tao la fito na majani ya migomba ili mgeni apite chini yake.

"Mwenyekiti, njoo basi uone banda," Limi alimsihi.

"Kila kamati na kazi yake, Limi. Usinivurugie wimbo."

Ijumaa ikafika. Bwana Mifugo, mgeni aliyengojwa, alikuwa njiani na kuku, na alikwisha kuonya: asipokuta banda tayari, kuku watakwenda shule nyingine. Hapo ndipo Speciosa alipokwenda kulikagua. Kuta nne, paa la nyasi, udongo umelainishwa vizuri. Akatabasamu. Mara ukuta ukakohoa.

"Nani huyo?"

"Mimi Kazimili! Nimemaliza kukandika huku ndani. Nitokee wapi?"

Watoto wakalizunguka banda, wakalizunguka tena. Mlango haukuwepo. Kamati ya fito ikailaumu ya udongo, ya udongo ikailaumu ya fito. Speciosa aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwenyekiti," Kazimili aliita, "kama ni kamati, undeni, lakini iwe ya haraka!"

"Kosa ni langu," Speciosa alisema. "Sikumpa mtu kazi ya mlango, wala sikuja kutazama." Akachukua panga, akaanza kukata ukuta. "Limi, shika fito zisianguke. Domisiana, lete lile tao!"

"Tao la mgeni?"

"Mgeni atapita pembeni!"

Kazimili akatoka, udongo umemjaa hadi kwenye kope. Wakalikunjua tao, wakalifunga kwa kamba za migomba, likawa mlango.

"Shikamoo!" waliamkia wote, wakihema, Bwana Mifugo alipoteremsha matenga ya kuku.

"Marahaba. Loo! Sijapata kuona kuku wakipambiwa mlango."

Mwalimu Desderius, aliyekuwa ameona yote, alicheka mpaka akafuta machozi. "Speciosa, leo umekuwa mwenyekiti kweli. Kiongozi hugawa kazi zote, kisha huenda kuzitazama kwa macho yake. Na akikosea, husema nimekosea, akashika panga."

Jogoo akawa wa kwanza kuingia, kifua mbele, kama mgeni rasmi. Na wimbo wa mapokezi akaimbiwa yeye.