Suruali Inavuka, Kola Inabana

Majirani, shemeji yangu kinyozi mnamjua. Mtu mpole, anakunyoa mpaka unasinzia kitini. Nyumbani kwake ugomvi mkubwa ulikuwa nani kamaliza sabuni.

Kisha ile homa ya mafua ikamlaza wiki nzima. Alipoinuka, aliinuka mtu mwingine. Anakula sahani tatu na bado anakonda. Anatoka jasho wenzake wamevaa masweta. Mkono ukaanza kutetemeka, hata mwalimu mkuu akatoka kwenye kiti na ndevu za upande mmoja.

"Ndio mtindo wa sasa," shemeji akamwambia.

"Wa wapi?"

"Wa hapa. Umeanza na wewe."

Wateja wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Dada yangu naye akahukumu. "Mume hapati usingizi, anakonda, moyo unamwenda mbio. Huyo kapata mtu." Na ninyi majirani msijifiche, mlimwitikia. Mama mkwe akasema mke hapiki. Kikao cha ukoo kikaitwa, ndoa ivunjwe.

Asubuhi ya kikao, dada akamvalisha mumewe nguo nadhifu, asije akaaibishwa yeye. Suruali ikamvuka mpaka magotini. Kifungo cha juu cha shati kikagoma kufunga.

"Tulia."

"Nimetulia, mke wangu. Unaninyonga."

Dada akamvuta dirishani, akamtazama. "Baba watoto, umekonda kote, shingo ndiyo inanenepa. Huyo mwanamke anakulisha shingo?"

Akaipapasa ile shingo, akakuta imevimba kwa mbele, akasahau kugomba. Kikao kiliwasubiri bure. Walikwenda hospitali, shemeji kashikilia suruali kwa mkono.

Daktari akampima damu. "Tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi," akasema. "Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoichokoza. Wakati mwingine huanza baada ya maradhi ya virusi. Mngechelewa, moyo ungeelemewa."

"Kwa hiyo hana mwanamke?"

"Hilo halionekani kwenye damu, mama."

Shemeji akaanza dawa. Miezi ikapita, mkono ukatulia. Mwalimu mkuu akarudi kunyolewa, kashika masikio yake yote mawili.

Mafunzo

Mtu akiugua homa, kisha akabadilika, akakonda ilhali anakula, akatetemeka, moyo ukamwenda mbio, mpelekeni akapimwe. Akipewa dawa, azimeze kama alivyoelekezwa na arudi kliniki hata akijiona mzima. Umbea wekeni pembeni. Dada yangu nusura amfukuze mgonjwa, na aliyemwokoa ni kifungo cha shati.