Pale Shangazi Aliponyamaza

Jioni hiyo Fundi Sauti alikwenda kwa shangazi yake, kompyuta kwapani, furaha tele. Jina hilo mama huyu alilipata kazini, kwenye hifadhi ya video mtandaoni ambamo wafinyanzi wakongwe walihojiwa huku mikono yao ikiwa udongoni. Kazi yake ilikuwa kuziboresha video hizo. Watazamaji walilalamika kwamba mahojiano yanadorora, basi yeye akawa anasafisha sauti na kukata kila penye ukimya. Wakubwa wakamsifia. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: akaanza kufuta hata rekodi za mwanzo ili apate nafasi ya kuweka mpya.

Video ya shangazi ndiyo iliyomsumbua kuliko zote. Bibi wa watu alisema maneno mawili matatu, akasimamisha mikono, akanyamaza, akatikisa kichwa, ndipo akaendelea. Tena ndani ya ukimya ule mlikuwa na mchakacho, kama mtu anatafuna mchanga. Fundi alidhani ni ubovu wa kinasa sauti. Akaufuta wote.

Alimkuta shangazi uani akikanda udongo. Chai ilikuja katika kikombe kisicho na mkono, wakacheka, maana mfinyanzi hulia gaeni. Kisha Fundi akaifungua video. Shangazi wa kwenye kioo aliongea mfululizo, hapumui, mikono ikienda mbio kama ya cherehani. Fundi alimgeukia apokee sifa zake.

Shangazi alikuwa ameuacha udongo.

"Mwanangu," alinong'ona, "mwenzangu umempeleka wapi?"

"Mwenzako yupi, shangazi? Ulihojiwa peke yako."

Shangazi alimweleza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mlango wa ua. Udongo huchimbwa na watu wawili, mmoja shimoni, mmoja juu akipokea kikapu. Zamani, kabla Fundi hajazaliwa, yeye alikuwa juu. Mwenzake alikuwa chini, mwanamke mwenye maneno kama kasuku, akimsimulia visa vya mkwe wake. Shimo likaporomoka. Lilimfunika katikati ya maneno... Tangu siku hiyo, kila anaposhika udongo, shangazi humwachia nafasi aendelee kusema. Akiipata nafasi yake hutulia hukohuko aliko.

"Na asipoipata?"

Shangazi alifunika udongo kwa gunia. Alisema tu kwamba vilivyokatwa virudishwe, sasa hivi.

Cha kurudisha hakikuwapo, Fundi alikwisha kukifuta kwa mkono wake mwenyewe. Na nyumbani alikuwa ameiacha video hiyohiyo ikijirudia kwenye kompyuta kubwa, kwa sababu binti yake alipenda kumtazama bibi akifinyanga. Binti alikuwa peke yake.

Akampigia. Mtoto alipokea upesi, sauti yake ya kila siku. Akasema anafanya kazi ya shule, akasema ana njaa.

Halafu akanyamaza.

Katika ukimya ule... kitu kikachakacha. Kilikuwa karibu kabisa na simu.

"Uko na nani hapo?"

"Na rafiki yake bibi. Alipiga hodi, nikamkaribisha." Kimya tena. Mchakacho. "Eeh," mtoto akamwambia mtu mwingine. "Mama, anasema umemkatiza."

Fundi alifungua kinywa apige kelele. Shangazi akamziba kwa kiganja chenye matope.

"Usimkatize tena," alimnong'oneza sikioni. "Mwache aseme. Kimbia."

Alikimbia. Viatu aliviacha palepale uani. Alipita vibanda vilivyokuwa vikifungwa, akapita watu waliomsalimu asiwajibu, simu sikioni na midomo ameibana hadi ikamuuma. Upande wa pili mchakacho ulikuwa ukiendelea, mrefu, wenye kupanda na kushuka kama umbea wa jirani. Mara mojamoja mtoto alisema, "Eeh." Fundi aliishikilia kila "eeh" kwa roho yake yote. Zilikuwa zinazidi kuchelewa.

Alipofika kona ya nyumba yao, simu ilikatika.

Mlango ulikuwa wazi. Sebule nzima ilinuka udongo mbichi, harufu ya shimo lililochimbwa leo. Kiti cha wageni kilikuwa kimelowa. Na mtoto alikuwa mezani, daftari mbele yake, mzima, hana hata mchubuko. Fundi alimkumbatia akalia kwa sauti, akamshika mashavu, akamshika mikono, asiamini. Kompyuta aliizima kwa kung'oa waya.

"Ameondoka?" aliuliza alipopata pumzi. "Alikuambia nini, mwanangu?"

Binti alimtazama. Alifungua mdomo ajibu.

Kisha akatulia. Akainamisha kichwa upande mmoja, macho yakiwa mbali, akasikiliza... akatikisa kichwa taratibu.

Fundi Sauti alisimama mbele ya mwanawe, machozi yakimtiririka, na hakuthubutu kusema neno mpaka huyo mwingine amalize.