Mkanda wa Gramafoni Kutoka Kasulu

"Mdogo wangu, nimemwona Nurudini kwa macho yangu. Amembebea jirani yangu Shadia kapu la mboga kutoka sokoni mpaka mlangoni kwake. Mwanamume mwenye kapu la mboga hajaenda kwa fundi."

"Dada Tunu, labda alikuwa anamsaidia tu."

"Kila wiki?"

Zuhra alimkatia simu binamu yake huyo wa Kasulu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa Tunu. Nurudini, mchumba wake, alikuwa anahangaika kwa ajili yake. Ndoa ilikuwa Ijumaa, na Zuhra alitaka wageni wa Kibondo wasikie santuri za taarabu za marehemu baba yake, lakini gramafoni ilikuwa inaruka na kukwaruza. Nurudini alisema mkanda unaozungusha sahani umelegea, na mkanda wa maana unapatikana Kasulu peke yake. Safari zikawa haziishi. Mara fundi hayupo, mara mkanda mfupi, mara mnene. Kila akiondoka alionya asiiguse mashine, kwamba mikono ya wanawake ni mizito. Naye mwenye mikono myepesi alikuwa ameweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke, ikawa inazilima santuri kama jembe.

Zuhra akaona amsaidie. Angepima kwa uzi mahali mkanda unapokaa, amtumie urefu, maskini asikosee tena. Akamwita shangazi yake, Mwamvua, wakaishika sahani huku na huku, wakaiinua.

Hapakuwa na mkanda. Hapakuwa hata na mahali pa kuuvalisha. Mota ilikaa katikati kabisa, chini ya sahani, na chuma chake ndicho kilichoizungusha.

Shangazi aliinama akachungulia kila pembe. "Kwa hiyo huyu bwana anatafuta mshipi wa suruali ya lastiki."

Zuhra hakucheka. Aliketi sakafuni na uzi wake, akamwandikia Nurudini ujumbe: "Umepata mkanda?"

Jibu likaja upesi. "Nimeupata mke wangu. Fundi kaupima na ule wa zamani, umelingana kabisa. Nimechoka ila kwa ajili yako sioni tabu."

"Na ule wa zamani," shangazi alirudia, akisoma begani kwake.

Walimwacha aje. Jioni hiyo Zuhra alifungua video kwenye simu akafuata maelekezo. Waliazima pimamaji kwa mwashi jirani, wakaweka kipande cha boksi chini ya mguu wa meza mpaka ikakaa sawa. Waliziondoa spika juu ya meza hiyo, maana mtikisiko wao ulikuwa unaifikia sindano. Sarafu waliitupa. Walizungusha kizito cha nyuma ya mkono wa sindano hadi mkono ukaelea wenyewe, ndipo wakaongeza uzito kidogo. Vumbi la kwenye ncha ya sindano walilitoa kwa brashi laini, na santuri wakazifuta kwa kitambaa wakifuata mzunguko wa mistari. Mashine ikaimba vizuri. Hawakumwambia mtu.

Nurudini aliingia kesho yake na kifuko cha nailoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Pole na safari ya mkanda."

"Mapenzi ni kujitolea, shangazi."

"Basi ufunge," Zuhra akasema. "Shangazi ana hamu ya kumwona fundi kazini."

Alijitetea kwamba mashine inataka utulivu, aachiwe peke yake. Zuhra alishaiinua sahani, ameilaza mkekani. Nurudini akachuchumaa, mkanda mweusi umenyooshwa kati ya vidole viwili. Aliuvalisha kwenye chuma cha katikati, ukaanguka. Akainamisha mashine, akachungulia chini yake.

"Tafuta taratibu," shangazi alimwambia. "Mwezi mzima unatafuta, nusu saa haikushindi."

"Hii nadhani kiwandani walibadilisha."

"Walibadilisha wewe ukiwa kwa Shadia?" Zuhra aliuliza.

Nurudini aliuweka mkanda mkekani kama mtu anayeweka kitu kitakachovunjika. Akaanza kukana, akamtazama shangazi, akaacha.

"Zuhra, Shadia ni wa kupitishia muda. Mke ni wewe."

Alidhani amempa zawadi. Zuhra alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayejikuna mbele ya wageni.

"Na yeye anajua kwamba ni wa kupitishia muda?"

Nurudini aliuokota mkanda, akaanza kuukunja.

"Mpigie umwambie. Sasa hivi, nasikia."

"Ya nini kumuumiza mtoto wa watu?"

"Ndivyo unavyosema ukiwa kwake, juu yangu?"

Nurudini akasimama. Zuhra akamwonyesha mlango. "Hunipendi mimi, wala humpendi yeye. Unapenda kusubiriwa. Ijumaa hakuna ndoa."

Nurudini alitaka kumsihi shangazi, lakini Mwamvua alishajifunga mtandio, anakwenda kwa wazazi wa kijana kuwapa habari kabla mwana wao hajawawahi na uongo mwingine. Walitoka pamoja, shangazi mbele, Nurudini nyuma, kichwa chini.

Zuhra alifunga mlango, akauegemea, ndipo akalia. Kisha akampigia Tunu.

"Dada, nisamehe. Nipe namba ya Shadia. Naye anastahili kujua."