Cherehani ya Chumba cha Nyuma

Haya yalimkuta shoga yangu, yule fundi cherehani mwenye goti bovu. Aliipenda nyumba moja, akataja bei yake, lakini dalali akawa anampiga danadana: mara mwenye nyumba kasafiri, mara bado anafikiria. Kumkutanisha naye, hataki kabisa.

Mwisho akachoka, akaenda kugonga mwenyewe. Jua lilikuwa kali nje, ila madirisha yote yalifungwa na ndani ni giza totoro. Alipogonga, hakuna aliyefungua. Kisha kutoka chumba cha nyuma, kile alichomwambia dalali kuwa ataweka mashine yake humo, akasikia cherehani inashona.

Akampigia dalali simu.

"Kumbe umenizunguka! Nyumba umeshampa fundi mwingine!"

"Dada, ufunguo ninao hapa ofisini. Humo hamna hata kigoda."

"Haya, msikilize!"

Akaisogeza simu kwenye tundu la ufunguo, na yeye mwenyewe akatega sikio. Kila fundi ana mwendo wake wa kukanyaga pedali, na huu aliujua. Huyo wa gizani alikanyaga mbiombio, akatua kidogo kulipumzisha goti, akaendelea.