Gavana Anaita Majina

Herufi zilirudi. Heritier alizisaga asubuhi hadi chuma kikawa laini kama kiganja, na kabla ya saa sita zikachomoza tena ubavuni mwa meli, kubwa kubwa: GOUVERNEUR VERHULLE.

Meli hii ilikuwa ya tatu kubeba jina la gavana yule Mbelgiji, aliyetawala Kongo zamani. Ya kwanza, manowari, ilipiga mizinga vijiji vya ufukwe wa Tanganyika, ikazama. Ya pili ilibeba pamba, ikazama. Hii ya mizigo ilikuja kukatwakatwa kwenye yadi ya Houston, na msidanganywe, Texas nzima hapakuwa na fundi wa kusaga chuma kumzidi Heritier, Mkongo wa mtaa wa Alief.

"Harufu gani hii?" akanong'ona mkewe, Généreuse, aliyekuwa akizoa vyuma pembeni.

"Ngozi ya kiboko, ile ya mijeledi. Mbichi."

Hapo kipaza sauti cha meli, isiyo na umeme tangu Machi, kikakohoa na kuita kama mwalimu darasani: "Heritier!"

Heritier alisomeshwa na mapadri kwa fimbo. Mdomo ukamtangulia kuitika "nipo" kwa Kifaransa cha darasani: "Présent!"

Shati likachanika mgongoni kwa kiboko kisichoonekana. Damu.

"Usijibu tena, Baba Zoé! Babu alituambia, huyo huita mara tatu. Ukijibu ya tatu, unazikwa." Généreuse alimfokea.

Kesho yake akaitwa, akajibu tena, mjinga yule. Mazoea hayana dawa. Wala kuacha kazi hakutaka: "Nikimbie mzungu aliyekufa?"

Siku ya tatu, jua la mchana likichoma, harufu ikapanda toka tumbo la meli, ikawajaa puani na kooni, vyuma vikaanza kugonga kimoja kimoja kama viatu vinavyoshuka ngazi, vikakaribia, vikakaribia, kipaza sauti kikaita, na Généreuse akamziba mumewe mdomo kwa glavu, si kwa woga tena bali kwa hasira aliyoirithi kwa babu yake, aliyebeba mabamba ya ile manowari kwa miguu hadi ziwani mpaka mgongo ukaoza.

"Mbwa wewe! Mpaka Texas unatufuata?"

Akakumbuka. Babu hakusema Verhulle hata siku moja. Maji ya ziwa yalimharisha gavana mwaka mzima, na wapagazi walimpa jina lao. Aliyesikika akilitaja alichapwa viboko hamsini.

Akajiweka sawa kama mwalimu. "Bwana Mharo!"

Vyuma vikaacha kugonga.

"Bwana Mharo!"

Gavana naye alikuwa amesomeshwa na mapadri. "Présent," kikajibu kipaza sauti, kwa aibu.

"Hamsini!" Généreuse akanyakua mashine ya kusagia, akaizamisha kwenye herufi. Chuma kikalia kama mtu. Herufi hazikurudi.

Jumapili, baada ya misa, walikuwa wakila fufu na ndakala, dagaa wa kwao. Zoé, binti yao wa miaka saba, akainua kichwa.

"Here!" akaitika, kama anavyoitika shuleni.

Hakuna aliyemwita.

"Nani, mwanangu?"

"The man," akasema, akionyesha kitundu cha kiyoyozi. Harufu ya ngozi mbichi ilikuwa ikishuka juu ya sahani.

"Gavana amejifunza Kiingereza," Heritier akanong'ona.

Généreuse akanawa mikono. Akatoka kwenda kwenye gari kuchukua ile mashine ya kusagia.