Chanjo ya Pamba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kasuku alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa katika chumba cha mbele, ambacho mama yake alikuwa amekigeuza duka la ushonaji. Jina la Kasuku alipewa na wateja, kwa kuwa mtoto yule alikuwa hafungi mdomo. Angekusimulia ndoto yake, ndoto ya jirani, na ndoto ambayo bado haijaotwa. Akimaliza kufagia, kazi yake ya pili ilikuwa kumchana Pamba, mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya marefu, ambaye angelala ndani ya kofia ya mtu mzima na nafasi ikabaki.

Pamba hakuingia nyumba ile kirahisi. Kasuku alimlilia mama mpaka mama akasalimu amri. Muuzaji naye akaongeza chumvi: "Mama, mbwa mwenyewe kama ngumi! Atakugharimu nini huyu?" Mama, ambaye kazi yake ni kupima kabla ya kukata, siku hiyo hakupima. Haukupita muda akaona mambo: chakula, dawa ya minyoo, dawa ya viroboto, chanjo. Ndipo alipoweka kopo la pesa za Pamba juu ya kabati.

"Mbwa ulimtaka wewe," alimwambia binti yake. "Mimi nitatia pesa, wewe utahakikisha kila kitu kimefanyika. Sitakufuata nyuma."

Asubuhi moja Pamba hakuja kuchanwa. Alikuwa amejikunja chini ya meza ya kukatia, udenda ukimtiririka hadi kidevuni. Kasuku alimsogezea bakuli la maji. Pamba alilinusa, akageuza uso.

Kasuku alirudi nyuma hatua moja. Juma lililopita muuguzi alifika shuleni kuwafundisha kuhusu kichaa cha mbwa. Alisema mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kutokwa na udenda, kushindwa kunywa, kujificha, na kuuma hata watu wa nyumbani kwake. Alisema pia kwamba mtu aliyeumwa akikaa bila sindano mpaka dalili zianze, kumwokoa ni shida kubwa mno.

Na ni Kasuku peke yake aliyejua kwamba Pamba hakuwa amechanjwa.

Uvivu ndio uliomfikisha hapo. Alikuwa amepitisha siku nyingi bila kumchana Pamba, manyoya yakasokotana yakawa mabonge yasiyopitisha kitana. Kwa kuogopa mdomo wa mama, alichukua pesa za chanjo kwenye kopo, akampeleka mbwa kwa mtu anayeosha na kutengeneza manyoya ya mbwa, akarudi naye anang'aa. Mama alipouliza habari ya chanjo, alijibu, "Tayari, mama." Akajiambia atafidia baadaye, na baadaye haikufika.

"Pamba! Njoo tucheze!"

Alikuwa mdogo wake, mtoto wa chekechea aliyeitwa Bonge kwa sababu ya mashavu yake. Kabla Kasuku hajamzuia, Bonge alitambaa chini ya meza na kukumbatia kichwa cha mbwa. Pakasikika mlio, kisha kilio. Bonge alitoka ameshika kiganja chake, na damu ilikuwa inachuruzika.

Mama aliruka kutoka kwenye cherehani. "Pole baba, pole. Hebu nione." Palikuwa na vitundu vya meno. Alifuta damu, akafunga kiganja kwa kitambaa safi. "Nyamaza, mwanangu. Bahati nzuri dada yako alishamchanja. Vinginevyo saa hizi tungekuwa mbioni kwenda zahanati."

Akarudi kushona, maana gauni la bibi harusi lilitakiwa mchana huo.

Kasuku alibaki na ufagio mkononi. Akisema, mama atajua kila kitu. Asiposema, Bonge je?

"Mbona kimya?" mama alimtania bila kuinua macho. "Leo umemeza uzi?"

Alivaa sare zake, akakosea vifungo. Alipofika mlangoni, Bonge alimpungia mkono ule uliofungwa kitambaa. "Dada, uniletee peremende!"

Kasuku hakuweza kuvuka kizingiti.

"Mama, Pamba hakuchanjwa." Cherehani iliendelea kunguruma. Akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Mama! Hakuchanjwa! Nilikudanganya!"

Cherehani ikanyamaza.

Mama hakumpiga wala hakufoka, na hilo lilimtisha Kasuku zaidi. Alimfungia Pamba stoo. Akamburuta Bonge hadi bombani, akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, ingawa mtoto alilia kama anachunwa. Kisha wakakimbilia zahanati wote watatu, sindano ikiwa bado imechomwa kwenye gauni la watu.

Kule walimkuta muuguzi yuleyule. "Mmefanya vizuri kuosha, na mmefanya vizuri zaidi kuja," alisema. "Ataanza sindano leo, na nyingine atarudi kuchomwa. Mbwa naye aonwe na daktari wa mifugo leo hiihii."

"Bonge atapona?" Kasuku aliuliza kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Tumewahi, mwanangu. Hilo ndilo kubwa."

Mchana huohuo daktari wa mifugo alifika stoo, akavaa glavu nene, akainua mdomo wa Pamba kwa uangalifu. "Meno ya utotoni yamegoma kutoka, na ya ukubwani yanaota pembeni. Fizi imevimba. Mbwa wadogo husumbuliwa sana na meno. Huenda ni maumivu tu, ila siwezi kuapa. Atakaa kwangu siku kumi, nimwangalie; kama ni kichaa, hatazimaliza akiwa mzima."

Siku hizo Kasuku alizipitisha roho mkononi. Kila alipotoka shule alichungulia kwenye banda la daktari kuona kama Pamba bado yuko hai. Nyumbani, Bonge alipokataa maji mezani, Kasuku alimshikia kikombe mdomoni mpaka mtoto akalalamika, "Mama, dada ananizamisha!"

Siku ya mwisho Pamba alitoka bandani akitikisa mkia, mzima wa afya, meno yaliyomtesa yameng'olewa, chanjo imechomwa. Mama alilipa. Pesa alizokuwa akiweka kwa ajili ya cherehani mpya ziliisha zote, na bibi harusi alikuwa ameshampelekea fundi mwingine gauni lake.

Jioni mama alimkalisha Kasuku kando yake.

"Kumnunua mbwa ni siku moja, kumtunza ni kila siku," alisema. "Hilo tulikosea wote, mimi na wewe. Pesa nitazitafuta tena. Lakini ile asubuhi nilimfunga mdogo wako kitambaa nikarudi kushona, kwa sababu nilikuamini. Nikikumbuka, mwili unanisisimka. Siku nyingine ukikosea, njoo uniambie. Nitafoka, ndiyo. Kufoka kwangu hakuui mtu."

Kasuku alilia, akaomba radhi, na tangu siku hiyo alishona vifungo vya nguo za wateja kila siku baada ya masomo.

Asubuhi iliyofuata mama aliuliza kutoka kwenye cherehani, "Umeshamchana mbwa?"

Kasuku aliangalia kitana mkononi.

"Bado, mama. Nimebakiza masikio."